Laptopu ya Faida na Kurasa Zilizogoma Kufunguka

Vijana wangu, mnaponipigia simu na kusema, "Mama Josiane, intaneti imekufa," mimi huwauliza kwanza: imekufa yote au imekufa nusu? Mnacheka, mnadhani bibi anaanza utani wake. Sio utani. Intaneti iliyokufa yote ni kazi nyepesi. Waya umechomoka, au mtu kazima kisanduku cha intaneti apate pa kuchajia simu. Unachomeka, unawasha, unaitwa fundi hodari. Iliyokufa nusu ndiyo kazi. Inafungua ukurasa huu, inaukataa ule. Leo habari zinasomeka, barua pepe hazisomeki. Hiyo inaweza kukukalisha kitini mpaka chai ipoe bila kuionja.

Sasa nimestaafu, niko Columbus, hapa Marekani, kwa binti yangu, na muda wa kuongea ninao. Nitawasimulia laptopu moja iliyokuwa imekufa nusu. Ililetwa kwangu Buffalo, miaka ile mashine mpya zilianza kuja na mambo mengi ndani ambayo mnunuzi hakuyaomba.

Lakini kwanza mjue nilikotoka na ufundi huu. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini, upande wa Kigoma. Aliyenifundisha ni mzee Barnabasi, fundi wa redio, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa ambayo hungedhani ingeweza kushika waya mwembamba kama unywele. Watu walimwambia msichana haoni raha kwenye moshi wa risasi ya kulehemia. Yeye akawajibu kwamba risasi haimuulizi mtu kama ni msichana. Basi nikabaki.

Barnabasi hakugusa bisibisi kabla ya kumhoji mwenye redio. Nani aliifungua kabla yangu? Ilikuwa inafanya nini ilipogoma? Na nyumbani kwenu, nani anaisikiliza zaidi? Hilo swali la mwisho nililiona la umbea mpaka siku alipokuja bwana mmoja na redio isiyoshika kituo chochote isipokuwa kimoja, cha mahubiri. Nilitaka kuipasua pale pale. Barnabasi akamuuliza nani anaisikiliza zaidi. "Mama yangu," akasema yule bwana. Barnabasi akageuza redio, akaingiza ukucha nyuma ya kile kitufe cha kutafutia vituo, akatoa donge la nta. Bibi alikuwa amekigandisha ili wajukuu wasimhamishie mahubiri yake. Redio haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inamtii mtu.

Nilipofika Buffalo nilianza kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula, kama wengi wetu. Baadaye nikapata kazi kwa Mkenya mmoja, Njoroge, aliyekuwa na duka la kutengeneza simu na kompyuta mtaa wa West Side, chini ya nyumba ya mbao iliyokuwa ikilia kila basi lilipopita. Nilikuja na pua yangu ya redio. Zamani kifaa kikiungua unakinusa tu unajua ni wapi. Kompyuta hainuki. Shida yake imo ndani ya maandishi, nawe huna budi kuisoma. Ilinichukua muda kuzoea kufanya kazi bila kunusa, na Kiingereza changu cha kusoma kilipatikana hapo hapo kwenye kioo, neno kwa neno, kwa sababu kosa la mashine halingoji umalize darasa la jioni.

Basi, Jumatano moja ya baridi, akaingia Faida.

Nilimjua kwa sura kutoka kanisani. Mkongomani wa Uvira, mwenye miaka kama thelathini, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, bado amevaa sare ya kazi chini ya koti. Akatoa laptopu kwenye mfuko wa nguo kama mtu anayetoa mtoto mgonjwa.

"Mama, iko ya mupya," akasema. "Inafungua habari, inafungua nyimbo za kanisa. Lakini ya benki inakatala. Ya barua inakatala. Na ile ya masomo, njo kabisa haitaki." Hiyo njo ya Wakongomani ni ndio yetu.

"Masomo gani?"

Akatazama nyuma kwanza, kana kwamba kuna mtu mlangoni. "Shule ya uuguzi. Columbus. Kuandikisha kunafungwa Ijumaa. Kwa simu ukurasa wao unafunguka, lakini kule kwenye kujaza na kutuma vyeti, simu haiwezi, wanataka kompyuta."

"Kwa nini usitumie kompyuta ya maktaba?"

"Nilienda. Foleni. Zamu yangu ikifika, saa ya kazi nayo imefika." Akakaa. "Donc nilisema, miye niko na yangu, juu ya nini nihangaike?"

Nikamuuliza maswali yangu. Aliinunua wapi? Hakuinunua. Alitumiwa na kaka yake, Byamungu, anayekaa Louisville, mtaa wa Iroquois, na familia yake. Kaka huyo ndiye aliyeifungua, akaiwasha, akaiwekea kila kitu, akaituma ikiwa tayari. "Alisema nibonyeze tu jina langu na neno la siri," Faida akasema. "Yaya anapendaka kunifanyia kila kitu." Yaya kwao ni kaka mkubwa.

Nikalisikia hilo jibu. Nakiri halikunigusa wakati ule. Nikaingia kazini.

Sikilizeni sasa, hii ni kwa wale mnaotaka kuishi kwa kazi hii. Kurasa fulani zikigoma na nyingine zikifunguka, cha kwanza tazama saa na tarehe ya mashine. Msicheke tena. Shemasi mmoja aliniletea kompyuta iliyokataa kurasa kama hizi, kumbe betri ndogo ya ndani imekufa na mashine inaamini tuko miaka mingi nyuma. Kurasa za siri, zile zenye alama ya kufuli juu, huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine inayodhani bado ni zamani huona cheti cha kesho na kukikataa, kama polisi aliyeshikilia kalenda mbovu. Nilirekebisha tarehe, shemasi akaniombea baraka kwa dakika nyingi kuliko kazi yenyewe.

Saa ya Faida ilikuwa sawa. Mwaka sawa, siku sawa, hata jua la Buffalo lililogoma kuonekana halikuweza kupinga.

Cha pili, mtandao. Nikaunganisha na wa dukani. Ile ile. Nikaunganisha simu yake na mtandao huo huo wa dukani, ukurasa wa shule ukafunguka. Basi kosa liko ndani ya laptopu, haliko hewani. Hapo umeshakata nusu ya msitu.

Cha tatu, zile programu za kuzuia virusi zinazokuja na mashine mpya kwa majaribio. Hizo ni kama mlinzi uliyeletewa na jirani: hujui anamzuia nani. Nikaiondoa, nikazima, nikawasha. Kurasa zikagoma vile vile.

Njoroge alikuwa akibadilisha kioo cha simu upande wa pili. Akanyoosha shingo. "Mama, hiyo warning inasema nini?"

"Inasema muunganisho hauaminiki."

"Si u-click tu pale chini, u-proceed? Watu hufanya hivyo every day. Customer anangoja."

Na kweli kuna mahali pa kubonyeza, mashine ikakuacha upite kwa hatari yako mwenyewe. Nikamwambia, "Hii ni benki yake, Njoroge. Mashine inasema mtu aliye upande wa pili simjui, nami nimwambie Faida ampe neno la siri?"

Njoroge akafikiri. "Sawa," akasema. "Ingekuwa benki ya mamangu, ningetaka hivyo hivyo." Akarudi kwenye kioo chake.

Vijana, onyo la mashine si inzi wa kufukuzwa. Lifungueni, mlisome. Kuna mahali panaandikwa "maelezo zaidi," na ndani yake utakuta nani ametia muhuri kwenye kile cheti. Ukurasa wa benki hutiwa muhuri na kampuni moja inayojulikana, wa barua na nyingine, wa shule na nyingine tena. Nikafungua wa benki. Nikasoma jina la aliyetia muhuri. Nikafungua wa barua, jina lile lile. Wa shule, lile lile. Na halikuwa jina la kampuni ya mihuri hata kidogo. Lilikuwa jina la kitu kinachoitwa ulinzi wa familia.

Nikaegemea kiti. Maana yake ilikuwa moja. Ndani ya laptopu alikaa mtu wa kati. Kila ukurasa wa siri ulipoingia, aliufungua kama anayefungua bahasha ya mwenzake, akasoma Faida anaelekea wapi, akaufunga upya kwa muhuri wake mwenyewe. Kile kivinjari, programu ya kufungulia kurasa, alichowekewa Faida na rafiki anayekaa naye, ambacho ndicho alichozoea, kilikuwa kinautazama ule muhuri wa bandia na kusema: huyu simjui, sifungui. Kurasa zisizo na kufuli hazikuwa na bahasha ya kufungua, ndiyo maana habari na nyimbo zilipita.

Nikaenda kwenye orodha ya watumiaji wa mashine. Jina la Faida lilikuwepo, na chini yake neno moja dogo. Nikalisoma mara ya pili ili nisimwambie uongo.

"Faida," nikamwita. "Mashine hii imekuandika kwamba wewe ni mtoto."

"Mutoto wa nani?"

"Wa kaka yako. Imewekewa ulinzi ambao mzazi humwekea mtoto mdogo. Ulinzi huo unachuja kurasa. Na kila wiki mzazi anatumiwa barua kumweleza mtoto ametazama nini."

Aliinua mkono akajishika shavu. Nilidhani atacheka, maana mimi nilikuwa karibu kucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Njo maana."

"Njo maana nini?"

"Wiki iliyopita alinipigia. Hata salamu hakumaliza. Akaniuliza, Columbus kuna nini? Miye sikuwa nimeambia mutu, Mama. Hata kanisani. Nilikuwa natazama tu nyumba za kupanga, kwa ile mashini. Nilijiuliza nani alinisema. Nikamkasirikia rafiki yangu mwenye tunakaa naye, hatusemezani mpaka leo." Macho yakamjaa. "Kumbe ni hii. Alinipa zawadi yenye iko na macho."

Hapa ndipo mjue kwamba fundi hafungui mashine tu. Faida akanieleza mambo ambayo nisingeyauliza. Wazazi wao walikufa vitani, na ndugu wengine pia. Byamungu alimbeba mgongoni kuvuka ziwa na mpaka, akamlea kambini, akamsomesha kwa kuuza mkaa. Walipopewa nafasi ya kuja Marekani, kesi zao zilikuwa zimeandikwa mbalimbali. Yeye akapelekwa Louisville, Faida akaletwa Buffalo. Tangu siku hiyo kaka alikuwa akimwambia jambo moja tu: njoo Louisville, nimekutengenezea chumba. Naye Faida alikuwa akisema ndiyo, nitakuja, huku akijua kwamba akiingia chumba kile atalea watoto wa kaka mpaka nywele ziwe nyeupe, kwa mapenzi kabisa, na shule ataisahau.

"Naweza kulimaliza sasa hivi," nikamwambia. "Nakutengenezea akaunti mpya kwenye mashine hii hii, ya mtu mzima, haimhusu kaka yako. Unajiandikisha leo. Naye hatajua mpaka barua za wiki zikome."

"Fanya," akasema.

Nikaweka kidole kwenye kitufe. Akanishika mkono.

"Hapana, ngoja. Atasema nilimkimbia. Bon. Umupigie weye, Mama. Miye nikiongea nitalia, na yeye akisikia nalia atapanda bus aje."

Basi nikampigia mtu nisiyemjua, kwa simu ya duka, sauti ikiwa wazi ili Faida asikie.

"Allô? Nani mwenye anaongea?"

Nikajitambulisha: mimi ni Mama Josiane, fundi, niko Buffalo, dada yako yuko hapa mzima wa afya. Neno "mzima wa afya" usilisahau unapompigia mtu wa kwetu ghafla. Ukilichelewesha, moyo wake umeshafika hospitali. Nikamweleza shida ya laptopu. Nikamuuliza kwa upole kama aliweka ulinzi wa watoto makusudi.

"Miye? Hapana, Mama! Ile mashini yenyewe iliniuliza. Ilisema, unataka kuongeza mutu wa familia? Nikasema ndiyo, Faida njo familia yangu, mwingine ni nani? Halafu ikauliza, huyu ni mutu muzima ao mutoto? Nikaandika mutoto. Ningeandika nini? Miye njo nilimukomalisha tangu mudogo. Nilimubeba mu mugongo."

Njoroge aligeuka kutazama ukuta. Faida akaziba mdomo kwa kitambaa.

"Nimekuelewa, ndugu yangu," nikasema. "Na zile barua za kila wiki?"

Nikasikia watoto wakipiga kelele kwa Kiingereza nyuma yake, na mlango ukifungwa, kelele zikapungua.

"Zilianza kuja zenyewe," akasema. "Ya kwanza sikuielewa. Ya pili nilisoma. Nikaona ametazama jua ya Buffalo, ao theluji itaanguka. Ametazama nyimbo zenye mama yetu alikuwa anaimbaka. Ametazama namna ya kupika mboga ya sombe na majani ya hapa. Nikafurahi, Mama. Nilikuwa namuona. Halafu ikakuja ya Columbus. Nyumba, nyumba, nyumba. Nikajua anataka kwenda mbali na miye."

Faida hakuweza tena. Akainama juu ya simu. "Yaya, mbali wapi? Ulitazama karte?"

"Faida? Uko hapo?"

"Niko. Tazama karte, Yaya. Columbus iko katikati. Toka hapa Buffalo mpaka kwako, ukishuka, unakuta Columbus. Niko nakuja upande wako, na weye unasema nakimbia!"

"Columbus iko huku?"

"Iko huko! Unaendesha asubuhi, mchana unakula kwangu, magaribi uko kwako!"

Tukamsikia akiita mtu wa nyumbani kwake amwonyeshe ramani kwenye simu. Tukangoja. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka. "Juu ya nini hukuniambia?"

"Juu ya kile chumba," Faida akasema. "Ulipaka rangi, ukanitumia picha. Nilishindwa."

Nilisafisha bodi ya vitufe ya mteja mwingine ambayo ilikuwa safi tayari.

Mwishowe Byamungu akasema sawa, aelezwe la kufanya. Yeye ndiye mzazi kwenye mashine, basi kufungua kulikuwa mikononi mwake. Nikamwongoza kwa simu: fungua ile barua ya wiki, bonyeza pale, ingiza neno lako la siri. Na hapa niwaambie, sikuwahi kuona neno la siri la mtu wetu likipatikana kwa haraka. Nusu ya wateja wangu makaratasi yanasema walizaliwa tarehe mosi Januari, na nusu hiyo hutumia tarehe hiyo kama neno la siri, kisha husahau kwamba walifanya hivyo. Alijaribu, akakosea, akajaribu tena, akaingia.

"Unaona jina la Faida?"

"Naliona."

"Chini yake kuna kitufe. Kimeandikwa nini?"

Akasoma Kiingereza polepole, kisha akakigeuza kwa lugha yetu, na nikasikia pumzi yake ikibadilika. "Kinasema, mwondoe kwenye familia."

"Hicho hicho. Kibonyeze."

"Hapana."

"Ndugu yangu, ni maneno ya mashine tu."

"Mama, naelewa ni mashini. Lakini kuna cha pili kinakuja kinauliza, una hakika? Weye unaweza? Wote walikwisha, Mama. Nimebakia na huyu mumoja. Leo miye mwenyewe, na kidole yangu, nimutoe?" Akashusha pumzi. "Kama ni hivyo, atumie ile mashini vile iko. Nitamununulia ingine."

Nikamtazama Faida. Alikuwa akitikisa kichwa, machozi yakimtiririka, lakini anatabasamu pia. "Hataweza," akaninong'oneza. "Namjua."

Nami sikujua njia nyingine. Nilikuwa nimejifunza mitego ya virusi na betri za saa, lakini mambo haya ya familia ndani ya mashine yalikuwa mapya kwangu, na wanangu walikuwa wameshakua. Aliyejua ni Njoroge. Yeye alikuwa na mapacha wadogo nyumbani na alipigana nao vita vya michezo ya kompyuta kila jioni.

Akaja akiwa ameshika bisibisi. "Mama, usimwambie a-remove. Kuna mahali pengine. Uncle, unanisikia? Rudi nyuma kidogo. Ukiwa kwa jina lake, usiguse hiyo button. Angalia juu, kuna settings. Umeona? Kuna switch ya websites, izime. Kuna ya reports, izime pia. Halafu chini kabisa kuna mahali inasema yeye ni nani kwa family. Imeandikwa child, sivyo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Gusa hapo. Itakupa mbili: mtoto, ama mtu mzima. Anabaki tu ndani ya family, same way. Ni cheo tu anapanda."

"Anabaki?"

"Anabaki, Uncle. Sikudanganyi."

Tukangoja. Basi likapita nje, nyumba ikalia, vioo vya simu vikatetemeka kwenye kabati. Faida alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Faida," Byamungu akasema hatimaye.

"Karibu, Yaya."

"Hiyo shule, wanakufundisha na kuzalisha wamama?"

"Baadaye, nikiendelea. Ndiyo."

"Bon," akasema. "Nimeandika mutu muzima."

Nikazima laptopu, nikaiwasha. Faida aliandika neno lake la siri akakosea, akaandika tena. Nikamwambia aanze na benki. Ukafunguka, kufuli juu, na muhuri ukiwa wa kampuni yake halali. Nilihakikisha kabla sijamruhusu kuandika kitu. Barua zikafunguka. Ukurasa wa shule ukafunguka hadi kwenye sehemu ya kutuma vyeti. Alijiandikisha pale pale kwenye meza yangu, sare yake ya kazi ikiwa bado mwilini, kaka yake akiwa bado kwenye simu akimuuliza kila mara, "Wanauliza nini sasa?" naye akimjibu. Walipomaliza Faida akaomba kutumia simu yetu tena, akampigia yule rafiki wanayekaa naye kumwomba radhi. Njoroge alikataa malipo. Alisema amelipwa na hadithi.

Kwa hiyo, mnaojifunza kazi: saa kwanza, mtandao pili, walinzi wa bure tatu, na kabla ya kupita juu ya onyo lolote soma muhuri ni wa nani. Mkiona muhuri mmoja kwenye kila bahasha, kuna mtu wa kati. Wakati mwingine ni mwizi, na hapo mnafuta mashine yote, mnaanza upya, hamna mjadala. Wakati mwingine ni mtu wa nyumbani. Hapo msifute kitu kabla ya kupiga simu.

Faida alihamia Columbus masika yaliyofuata. Leo ni muuguzi. Kile chumba cha Iroquois hulala watoto wawili wa Byamungu, na Faida akienda huko hulala sebuleni kwenye kochi, hataki mtu ahamishwe kwa ajili yake.

Lakini kabla hajahama, wiki chache baada ya siku ile, simu ya duka ililia nikiwa nafungua kompyuta ya mtu. Alikuwa Byamungu.

"Mama Josiane, samahani kukusumbua. Ile barua ya kila wiki haikuji tena."

"Ndiyo, ndugu yangu. Uliizima mwenyewe."

"Naelewa. Si kwa ubaya. Nilikuwa nimezoea. Siku ya Jumapili nikitoka kanisa, nilikuwa naisoma, najua eko salama. Sasa Jumapili inafika, sijui kitu. Hakuna ingine yenye inaweza kusema tu kama eko muzima? Sitaki kujua anatazama nini. Kama eko muzima tu."

"Ipo," nikamwambia. "Mpigie."

"Nimupigie nimuambie nini? Miye na yeye, hatujazoea kuongea bure. Tunaongeaka kukiwa shida."

"Muulize amekula nini."

"Tu?"

"Anza na hilo."

Nikamsikia akifikiri. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kitu, na mwanamke akiwaambia wanyamaze, baba yuko kwenye simu.

"Bon," akasema. "Amekula nini. Ngoja nimupigie sasa." Akakata kabla sijamuaga.